Wanajua hesabu za Everton, hawajui za Gor wala Ingwe

Kutoka Kibera hadi Kawangware, mabishano kuhusu majeruhi, makipa na mishahara yana mzizi mmoja. Wenye haki ya kuonyeshwa mzizi huo ni wale wanaonunua tikiti.

INGIA ukumbi wowote wa video kati ya Olympic na Makina Jumamosi alasiri, mechi ya mapema ya Uingereza ikiwa mapumziko, uwaulize walioketi kwenye mabenchi kwa nini Everton walipokonywa pointi. Hutamaliza swali. Utaelezwa kwamba sheria ya Ligi Kuu ya Uingereza iliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 katika miaka mitatu, kwamba Everton walifika milioni 124.5, kwamba Novemba 2023 walikatwa pointi 10 zikapunguzwa hadi sita baada ya rufaa, kisha Aprili 2024 wakakatwa nyingine mbili. Aliye kando atawakumbusha Nottingham Forest na pointi zao nne. Wa tatu atadakia kwamba hata Messi hakuondoka Barcelona Agosti 2021 kwa kupenda. Kikomo cha mishahara cha ligi ya Uhispania ndicho kilichomtoa.

Sasa waulize hao hao swali la nyumbani. Gor Mahia hulipa mishahara ya kiasi gani kwa mwezi? AFC Leopards inadaiwa na nani, na shilingi ngapi? Hapo kila mtu atakuja na lake. Mmoja amesikia kwa mchezaji wa zamani. Mwingine amesoma mtandaoni. Wa tatu ana jamaa anayemjua mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati. Sauti zitapanda, mikono itarushwa, na mwisho wa yote hakuna atakayekuwa na takwimu moja ya kuweka mezani.

Watu hawa wanajali mno. Wengi wao wamezaliwa ndani ya klabu hizi, wakarithi jezi kabla ya kurithi kitu kingine chochote. Kama wanajua daftari la klabu iliyo Liverpool kuliko la klabu waliyobebwa mabegani kwenda kuitazama wakiwa watoto, ni kwa sababu moja tu: lile la Liverpool limechapishwa, na la kwao halijachapishwa. Nasema hivi kwa uzito wote. Jambo hili linaiumiza soka ya Kenya kuliko refa mbaya, kuliko uwanja mbovu, na kuliko jeraha lolote la goti.

Mashemeji wa pande mbili

Kibera na Kawangware zinatenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa pikipiki, Ngong Road ikiwa katikati. Kwa miongo mingi vijana waliotoka Nyanza na Magharibi kuja Nairobi kutafuta riziki wamepanga vyumba katika mitaa hii, na walipofungua mizigo yao klabu ilikuwa ndani. Upande wa Laini Saba, Gatwekera na Kianda, kijani cha Gor, yaani K'Ogalo, kimekuwa na sauti kubwa. Upande wa Gatina, Kabiro na Congo, ngoma za isukuti za Leopards, yaani Ingwe, zimesikika zaidi. Lakini usije ukachora mpaka. Kuna nyumba za Kibera ambamo baba ni Gor na mama ni Ingwe, na kuna vinyozi wa Kawangware ambao siku ya Mashemeji, debi ya klabu hizi mbili, hawajui wapige muziki wa nani.

Klabu hizi mbili zilijengwa kwa michango. AFC Leopards ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, ikabadili jina mwaka 1980 wakati vyama vilipotakiwa kuacha majina ya kikabila. Gor Mahia iliundwa Februari 1968, ikabeba jina la mganga na kiongozi wa kale wa Kanyamwa. Hazikuwa na kampuni nyuma yake. Tusker ina watengenezaji bia. Bandari ina mamlaka ya bandari, KCB ina benki, Ulinzi Stars ina jeshi, na Kenya Police, mabingwa wa msimu wa 2024-25, wana idara ya polisi. Gor na Ingwe zina watu.

Na watu hao wamezibeba mbali. Mwaka 1987 Gor ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, ikitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis na 1-1 hapa Nairobi, bao la ugenini likaamua. Nahodha alikuwa Austin Oduor, aliyeitwa Makamu, na mfumaji mkuu Peter Dawo. Hadi leo ndiyo klabu pekee ya Kenya iliyowahi kutwaa taji la bara. Ingwe nayo imeshinda kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tano, na iliwapa Wakenya akina Joe Kadenge, J.J. Masiga na Wilberforce Mulamba. Mtu akikwambia klabu hizi ni mali ya jamii, hatii chumvi. Ndivyo zilivyozaliwa.

Ndiyo maana ubishi wa Kibera na Kawangware una ukali usiopatikana kwingine. Anayebishana anabishania mali yake.

Mchezaji anapopotea

Mada ya kwanza huwa majeruhi. Shabiki wa Arsenal aliye Kawangware anaweza kukusomea orodha ya msimu wa 2024-25 bila kusita: Bukayo Saka aliumia msuli wa nyuma ya paja Desemba, Gabriel Jesus akakatika kano ya goti Januari, Kai Havertz akafuata Februari. Shabiki wa Manchester City atakwambia ubingwa wao uliondoka siku Rodri alipoumia goti Septemba 2024. Wanajua aina ya jeraha, wanajua upasuaji ulifanywa au la, wanajua mwezi wa kurejea. Klabu hutangaza.

Hapa kwetu mchezaji hupotea tu. Jumapili hii yuko kwenye kikosi, Jumapili ijayo hayupo, na inayofuata pia. Benchi la ufundi halisemi. Kisha mitaa inaanza kujaza pengo. Kuna wanaosema ameumia. Wengine wanasema amegoma kwa sababu hajalipwa. Wapo wanaoapa kwamba ameonekana akifanya mazoezi na timu nyingine. Mara nyingine yote matatu ni kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo shabiki makini anapoanza kuelewa kwamba swali la goti na swali la mfuko ni swali moja.

Tazama jinsi jeraha linavyotengenezwa. Mwaka 2018 Gor ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Mashirikisho Afrika huku ikitetea ubingwa wa ligi. Mechi za ligi zilizoahirishwa zikarundikana, na kikosi kikawa kinacheza, kinasafiri na kucheza tena bila nafasi ya kupumua. Kocha Dylan Kerr alilalamika hadharani kuhusu msongamano huo. Klabu yenye pesa hutibu msongamano kwa kuwa na kikosi kipana: leo wanacheza hawa 11, keshokutwa wale. Klabu isiyo na pesa inawarudisha uwanjani wale wale hadi msuli useme hapana. Ukiongeza viwanja vigumu vya mazoezi, na madaktari wa viungo wanaosubiri mshahara kama wachezaji, jeraha linakuwa matokeo ya bajeti.

Na baada ya kuumia? Kano ya goti ikikatika, mchezaji anahitaji picha za hospitali, upasuaji, na miezi tisa hivi ya mazoezi ya kurejesha nguvu chini ya mtaalamu. Nani analipa? Klabu, bima, familia, au kikundi cha mtandao wa simu ambamo mashabiki huchangishana? Mwaka hadi mwaka Wakenya wameona michango ikiitishwa kwa ajili ya wanasoka walioumia wakiwa kazini, na mashabiki wa Kibera na Kawangware hawajawahi kuwa wa mwisho kutoa. Moyo huo ni wa kusifiwa. Lakini mtu anayechangia matibabu ya mwajiriwa wa klabu ana haki ya kuuliza klabu hiyo ilipanga nini kabla ya jeraha.

Kuna pia pesa ambazo hazidaiwi kwa kukosa makaratasi. FIFA ina mpango wa kuzilinda klabu: mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa na akakaa nje zaidi ya siku 28, klabu yake hufidiwa. Fidia hiyo inaweza kufika euro 20,548 kwa siku, na hukadiriwa kwa mshahara uliomo kwenye mkataba. Klabu ambayo mikataba yake haieleweki, au mishahara yake inalipwa kwa bahasha leo na kwa ahadi kesho, itadai nini?

Kipa ndiye wa kwanza kulaumiwa

Mada ya pili ni kipa. Katika mitaa hii kila mtu ni mwalimu wa makipa. Wazee wa Kawangware watakurudisha kwa Mahmoud Abbas, aliyeitwa Kenya One, aliyedakia Ingwe na timu ya taifa, Harambee Stars, katika miaka ya themanini, na watakuapia kwamba mikono kama ile haijazaliwa tena. Wa Kibera watakutajia David Ochieng wa kikosi cha 1987, kisha waruke hadi Jerim Onyango, nahodha wa msimu wa 2013 Gor ilipotwaa ubingwa baada ya kuusubiri kwa miaka 18. Vijana watakwambia walivyosimama wakati wa michuano ya CHAN Agosti 2025 pale Kasarani, Kenya ikiwafunga Morocco 1-0, langoni akiwa Byrne Omondi wa Gor Mahia.

Ni mjadala mtamu, na una maarifa ndani yake. Shabiki wa kweli anajua kwamba kipa anajengwa na beki aliye mbele yake, na kwamba mabeki wawili wa kati waliocheza pamoja kwa misimu mitatu wana thamani kuliko majina mawili makubwa yaliyokutana wiki jana. Anajua kwamba kipa anayebadilishiwa ukuta kila baada ya miezi sita ataonekana mbovu hata kama si mbovu.

Basi tuulize ukuta unakwenda wapi. Joash Onyango, beki wa kati aliyekuwa nguzo ya Gor, alijiunga na Simba mwaka 2020. Na si mabeki tu: kabla yake Meddie Kagere alikuwa ameelekea huko huko Simba mwaka 2018, Francis Kahata akamfuata 2019, na mwaka huo huo Jacques Tuyisenge akaenda Petro Atlético ya Angola. Benson Omala, aliyefunga mabao 26 katika msimu wa 2022-23, aliondoka 2024 kwenda Lebanon. Kuuza mchezaji si kosa. Klabu nyingi duniani huishi kwa kuuza. Shabiki anachotaka kujua ni kama zile pesa ziliingia, ziliingia kiasi gani, na zilinunua nini.

Mara nyingine hakuna kinachoingia kabisa. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili kutoa notisi ya siku 15, na asipolipwa katika siku hizo avunje mkataba kwa haki. Anaondoka bure. Klabu iliyomlea, iliyompa jina na kumfikisha timu ya taifa, haipati hata shilingi moja ya ada ya uhamisho. Chama cha maslahi ya wachezaji, KEFWA, kimekuwa kikiwasaidia wanasoka kufuatilia madai ya aina hii, na ni haki yao. Mchezaji ana kodi ya nyumba. Ana mama kijijini. Mkono mtupu haulambwi.

Kwa hiyo jamaa anayesimama Kawangware na kupaza sauti kwamba kipa hafai, na jamaa anayemjibu kwamba tatizo ni ukuta, wote wawili wanazungumzia mshahara uliochelewa mahali fulani. Hawajui ni wa mwezi gani.

Kikomo kinachojulikana mwisho wa mwezi

Huko Marekani mashabiki wa besiboli nao hubishana juu ya mambo haya haya: majeruhi, warushaji mpira, na kikomo cha bajeti ya mishahara. Mchezo huo hauna ukuta wa mwisho wa kiwango cha mishahara, lakini una mstari. Mwaka 2025 mstari huo ulikuwa dola milioni 241, na timu iliyouvuka ililipa kodi. Los Angeles Dodgers waliamua kuvuka. Desemba 2023 walimsajili Mjapani Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 kwa miaka 10, milioni 680 kati ya hizo zikaahirishwa hadi mkataba utakapokwisha, ingawa alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kiwiko na asingeweza kurusha mpira msimu mzima wa 2024. Ilikuwa kamari kubwa, na walishinda ubingwa 2024 na 2025. Shabiki aliyeipinga hesabu hiyo aliipinga akiwa na tarakimu mkononi. Ulaya nako, UEFA inazitaka klabu zilizo kwenye mashindano yake zisitumie zaidi ya asilimia 70 ya mapato kwa gharama za kikosi. Unaweza kuipenda kanuni hiyo au kuichukia, lakini unaijua kabla msimu haujaanza.

Gor na Ingwe nazo zina kikomo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekiandika. Kinagunduliwa tarehe 30, simu ya mchezaji isipolia.

Mwaka 2019 ulikionyesha waziwazi. SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa ikizidhamini klabu zote mbili pamoja na ligi yenyewe, ilijiondoa katika udhamini wa michezo nchini Agosti mwaka huo baada ya leseni yake kutohuishwa. Ni kampuni hiyo iliyowaleta Everton Dar es Salaam Julai 2017, Wayne Rooney akaifungia Everton bao la kwanza na Tuyisenge akaisawazishia Gor kabla Waingereza hawajashinda 2-1. Ni udhamini huo uliowapeleka K'Ogalo hadi uwanja wa Goodison Park Novemba 2018, wakalazwa 4-0 lakini wakarudi na kumbukumbu. Jina moja lilikuwa kwenye jezi za klabu hizi zote. Lilipoondoka, mishahara nayo ikakauka. Kabla ya mwaka kwisha kocha Mnyarwanda Casa Mbungo alikuwa ameiacha AFC Leopards kwa kukosa malipo. Gor ilitangazwa bingwa wa msimu wa 2019-20 ligi ilipokatizwa na korona, wachezaji wake wakiwa na malimbikizo wanayodai.

Mdhamini mwingine wa kamari, Betsafe, alikuja 2020, naye hakukaa. Novemba 2021 serikali ililivunja Shirikisho la Soka, na kuanzia Februari hadi Novemba 2022 FIFA iliifungia Kenya nje ya soka ya dunia. Madeni nayo yalikuwa yakikua kimyakimya. FIFA ilizipiga klabu zote mbili marufuku ya kusajili wachezaji kwa sababu ya madai ya makocha na wachezaji waliokwishaondoka. Patrick Aussems, Mbelgiji aliyewahi kuipa Simba ubingwa wa Tanzania, alijikuta Ingwe akiwa hawezi kusajili, akajenga kikosi kwa vijana chipukizi. Vijana wale walipigana kiume. Lakini shabiki aliyewazomea kwa kufungwa alipaswa kwanza aambiwe kwamba klabu yake haikuwa na ruhusa ya kusajili mtu, na kwa nini.

Pigo lililouma zaidi Kibera lilikuja 2023. Gor ilikuwa bingwa. Ilikuwa na haki ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikanyimwa, kwa kuwa haikutimiza masharti ya leseni ya Shirikisho la Soka Afrika, CAF, kutokana na madeni yale yale. Ubingwa wa msimu mzima ulipotelea kwenye faili. Hakuna kipa aliyefungisha bao hilo, wala hakuna straika aliyelikosa. Na mwanachama wa kawaida alizijua tarakimu za madeni hayo kupitia vyombo vya habari, wakati hukumu ilikuwa imekwishatolewa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukitaka mfano wa methali hiyo, ndio huo.

Pesa ya nani?

Hapa lazima tuseme jambo ambalo viongozi wa klabu hupenda kulikwepa. Wanaposema klabu haina pesa ila ya mdhamini, wanasahau mdhamini aliitoa wapi. Kampuni za kamari zilizochapisha majina yao kwenye vifua vya Gor na Ingwe zilivuna shilingi 50 na shilingi 100 kutoka mitaa hii hii, kupitia simu za vijana wanaosukuma mikokoteni Toi na wanaouza mitumba Kawangware. Shabiki huyo alilipa langoni, akalipa kwenye jezi, akalipa tena kwenye mkeka wake wa Jumamosi. Hakuna mfadhili wa klabu hizi aliyezifadhili kwa muda mrefu kumshinda yeye.

Anapouliza pesa hizo zilikokwenda, kwa hiyo, anauliza kama mwenye mali.

Najua majibu yanayotolewa. La kwanza ni kwamba hesabu zikianikwa, wadai watazidi kubisha hodi na wapinzani watajua udhaifu. Lakini wadai walikwishabisha, tena kupitia FIFA, na wapinzani wanajua kila kitu kwa sababu mchezaji mwenye njaa huwa wa kwanza kuwaambia. Siri imefichwa kwa mtu mmoja pekee, naye ni mwanachama.

La pili lina uzito, na linafaa kujibiwa kwa unyoofu. Viongozi husema wengi wanaopiga kelele hawajawahi kulipa ada ya uanachama, na kwamba kuna wanaoingia uwanjani kwa kuruka ukuta, wanaong'oa viti na kuiletea klabu faini. Ni kweli. Anayeruka ukuta anamwibia kipa anayemlaumu. Fujo zimezigharimu Gor na Ingwe pesa ambazo zingelipa daktari. Haki ya kuona daftari inakwenda na wajibu wa kulijaza, na matawi ya mashabiki ya Kibera na Kawangware yana kazi ya kufanya hapo: kuandikisha wanachama, kuwakemea wavamizi, kusimamia nidhamu yao wenyewe langoni. Ila mtu hulipa kwa moyo anapoona kinachonunuliwa. Ukimwonyesha hesabu leo, kesho utampata kwenye foleni ya tikiti.

Wenzetu hawako mbali

Hatuhitaji kwenda Uingereza kutafuta mfano. Vuka Namanga. Simba na Yanga nazo zilizaliwa za wanachama, nazo zilipitia miaka ya vurugu, migogoro na mifuko mitupu. Tanzania ilifanya maamuzi kadhaa. Simba ilikubali mwekezaji, Mohammed Dewji, kwa hisa zisizozidi asilimia 49, asilimia 51 zikabaki kwa wanachama, na Yanga ikafuata mkondo wa aina hiyo. Ligi yao ikapata mkataba wa matangazo na Azam wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6 kwa miaka 10 kuanzia 2021. Yanga ikafika fainali ya Kombe la Mashirikisho 2023, Simba ikaifikia 2025. Mfumo wao una kasoro zake na wanachama bado wanazozana. Lakini Yanga husoma mapato na matumizi mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, na shabiki wa Kariakoo hubishana akiwa na kitu cha kubishania. Na ni Simba iliyokuja kuwachukua akina Kagere, Kahata na Joash.

Kenya haikosi mahali pa kuanzia. Juni 2025 wanachama wa AFC Leopards walipiga kura na kumchagua Boniface Ambani, mshambuliaji wao wa zamani, kuwa mwenyekiti. Mtu aliyewahi kuvaa jezi ile anajua ladha ya mshahara uliochelewa. Yeye na wenzake wa Gor Mahia wana nafasi ya kufanya jambo dogo lenye uzito mkubwa.

Nalo ni hili. Kila mwisho wa nusu msimu, klabu ichapishe ukurasa mmoja. Uandike jumla ya mishahara ya mwezi, bila kutaja nani analipwa nini. Uandike madeni yote, ya makocha, wachezaji na hoteli, na lini yatalipwa. Uandike mapato ya langoni, mechi kwa mechi, pamoja na kilichotoka kwa mdhamini na kwa mauzo ya wachezaji. Mwisho uandike ni wachezaji wangapi wamejeruhiwa, watarejea lini, na nani analipia matibabu yao. Ukurasa huo ubandikwe kwenye mitandao ya klabu na usomwe katika kila tawi, kuanzia Laini Saba hadi Gatina. Shirikisho la Soka nalo liufanye uwe sharti la leseni ya ligi, ili Nairobi iweze kuziba ufa kabla CAF haijaujengea ukuta.

Ukurasa huo hautaponya goti la mtu wala kumfundisha kipa kutoka langoni kwa wakati. Utafanya kitu kingine. Utamwezesha shabiki kutofautisha kocha asiyejua kazi na kocha asiye na wachezaji, mwenyekiti mzembe na mwenyekiti aliyerithi deni, mchezaji mvivu na mchezaji mwenye njaa. Leo tunawazomea wote kwa pamoja kwa kuwa hatuwezi kuwatenganisha. Uzomeaji wa aina hiyo unamchosha mtu mwema na kumficha mwovu.

Mkutano mkuu ujao wa klabu yako ukifika, wewe wa Kibera na wewe wa Kawangware, nendeni mkiwa na kadi za uanachama zilizolipiwa. Msiende kuuliza nani atacheza namba tisa. Ombeni ukurasa mmoja wa hesabu, na msiondoke ukumbini kabla haujasomwa.